Dawa ya Shahamu ya Bwana Borafya

Mwaka 1971, mchele Unguja ukigaiwa kwa kipimo na watu wakipanga foleni tangu alfajiri, Borafya wa Jang'ombe aliamua kuuza dawa ya kupunguza unene. Msicheke. Alikuwa na njaa, na alishagundua kwamba mjini wapo walionenepa. Unene wa mwaka ule ulikuwa na anuani: ukiufuata, unakufikisha penye mchele.

Aliufuata hadi majumba mapya ya Michenzani. Ngazini, ghorofa ya tatu, alimkuta Bi Mize, mke wa mtunza ghala, ameketi anahema, na kwake ni ya tano.

"Shikamoo, Bi Mize. Natoka Kizimbani, utafiti wa mimea." Kizimbani alikwenda mara moja tu, akafukuzwa.

"Marahaba, mwanangu. Utafiti gani?"

"Wa shahamu. Tumekamua majani ya mkarafuu. Ukinywa maji yake, chembe changa ya mwili iliyotaka kuwa mafuta inaghairi." Akatoa chupa ya maji ya bomba yenye majani mawili.

"Inaghairi?"

"Kabisa! Ila dawa ina mwiko wake, mchele. Usiule, wala usikae nao nyumba moja. Harufu yake tu inaziamsha chembe."

Bi Mize akaipokea chupa. "Hata ulio guniani?"

"Huo ndio mbaya zaidi."

"Basi nnayo magunia matatu chini ya kitanda. Nitolee leo leo, mwanangu, nshachoka na mwili huu."

Borafya nusura alie kwa furaha. Akayashusha peke yake, gunia baada ya gunia, ghorofa tano, mgongo ukimlalamikia, na Bi Mize juu akimhimiza: "Taratibu, baba, usijiumize!" Wiki nzima akala wali asubuhi, mchana na jioni. Mashavu yakamjaa, shingo ikaota mikunjo. Alijiona mjanja kuliko Unguja nzima.

Siku ya nane wakaguzi wa vyakula walipita Michenzani. Chini ya kitanda cha mtunza ghala walikuta ndara. Bi Mize, aliyekwisha kudokezwa na mumewe juu ya ukaguzi huo tangu kabla hajakutana na mtafiti wake, aliwapa chai, kisha kwa uzalendo mkubwa akawanong'oneza: "Jang'ombe kuna mtu amenenepa ghafla."

Wakamkuta Borafya na magunia mawili na nusu, kijiko mkononi.

"Ni ya Bi Mize!" alipiga kelele.

Bi Mize akaitwa. Akaja na chupa yake. "Yangu? Mie nimo katika dawa, wanangu, mchele ni mwiko. Huyu huyu ndiye aliyenikataza. Muulizeni kama nasema uongo."

Wakamuuliza.  Borafya akisema dawa ni ya kweli, Bi Mize ametakasika. Akisema ya uongo, yeye ni tapeli mwenye magunia.

Alipata miezi sita jela, kupalilia mikarafuu. Sasa kweli anafanya kazi Kizimbani, mimea imemzunguka kila upande, na shahamu yake, kwa uji mwepesi wa kule, imeghairi kabisa.