Chawa wa Chinglen

Jumatatu, 14 Machi
Nimenyolewa tena. Mara ya nne mwezi huu, na nywele za kunyoa zinaelekea kwisha. Lakini Linthoi anafanya kazi saluni kwa Dada Memma, na huwezi kukaa kwenye kile kiti unamtazama mtu tu. Au ndivyo nilivyodhani. Leo Chinglen, mshambuliaji mpya wa timu yetu ya mpira, ameingia, amekaa weee, ametoka na nywele zile zile. Nikamuuliza alifuata nini. Eti alipita kusalimia. Inatia shaka.

Jumanne, 15 Machi
Ijumaa sikukuu ya Yaoshang inaanza, na jioni yake ni thabal, ngoma ya kushikana mikono, msichana na mvulana, mtaa mzima unatazama. Mwaka jana nilikuwa bado nawekwa upande wa wasichana. Mwaka huu nina miaka ishirini, jina langu ni Ngamba, mimi ni golikipa wa timu ya wavulana ambao sote tulizaliwa tukaitwa mabinti, na katibu wa vijana wa mtaa amekubali nisimame na wavulana. Sawa. Ila hawezi kumlazimisha msichana anishike mkono. Nikibaki mikono mitupu, majirani watapata la kusema mpaka mvua zianze.

Namtaka Linthoi. Yeye naye walimwita mvulana mpaka alipokataa. Nadhani angenielewa. Lakini leo Chinglen katoka saluni akipiga mluzi. Mtu asiye na jambo hapigi mluzi namna ile.

Jumatano, 16 Machi
Mpango umekamilika. Nimemnong'oneza Dada Memma kwamba Chinglen ana chawa. Nilisema kwa huruma, kama rafiki. Amenishukuru sana. Hatamruhusu hata kugusa mlango. Nimelala mchana kwa raha.

Alhamisi, 17 Machi
Sikufikiria kwamba Dada Memma anajua timu nzima tunafutia jasho taulo mbili.

Amekuja uwanjani katikati ya mazoezi, na mashine ya kunyolea, na Linthoi nyuma yake. Kasema aliyekaa na mwenye chawa naye anao, tupange foleni, golikipa aanze. Linthoi akanishika kichwa. Siku zote nimeota anishike kichwa, si hivi. Akaniinamia sikioni: "Ngamba, humu hamna hata yai."

Nikasema wamejificha.

Sote vipara sasa. Chinglen kapendeza na kipara. Mimi nafanana na kitunguu. Tena Chinglen hakulalamika hata kidogo. Mtu anasingiziwa chawa na anatabasamu? Kuna kitu.

Ijumaa, 18 Machi
Mama amenitazama kichwa muda mrefu. Kisha akachukua shati langu jeupe akalipiga pasi. Hajawahi kunipigia pasi shati la kiume. Nikaenda kusimama jikoni kwanza, mpaka macho yakauke.

Ngoma ilipoanza nikasimama na wavulana, mikono mfukoni ili ionekane nimeamua mwenyewe. Nikamwona Chinglen anakatiza uwanja kuelekea kwa Linthoi. Nikajua yametimia. Akampita. Akaenda mpaka kwa Bonbon, mdogo wake Dada Memma, yule mvulana anayekata nywele kiti cha pili, akamshika mkono. Wazee wakaanza kuutazama mwezi kwa bidii sana. Kumbe salamu zote zile zilikuwa za Bonbon.

Halafu mtu akautoa mkono wangu mfukoni. Linthoi.

"Unanyolewa mara nne kwa mwezi," kasema. "Ulidhani mimi sioni?"

Nikamwambia nywele zangu huota haraka.

"Na chawa wa Chinglen walitoka wapi?"

Nikakiri ni mimi.

"Si ungeniambia tu, mjinga wewe."

Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho kuliko changu. Tukazunguka. Mama Ibemcha wa nyumba ya pili, ambaye hajawahi kulitamka jina langu, akapaza sauti: "Ngamba, nyanyua miguu, utamkanyaga mwenzio." Nikanyanyua.

Jumamosi, 19 Machi
Nimemwomba Chinglen msamaha. Amenisamehe, akaninunulia bajia. Nimeapa sitamshuku mtu tena.

Jumapili, 20 Machi
Mchana nimeona baiskeli nyekundu ya kiume imeegemezwa kwenye ua wetu. Siijui. Kengele mpya, imeng'arishwa. Baiskeli ya mtu anayetafuta wachumba. Nikatoa upepo matairi yote mawili, nikaingia ndani kama sijui kitu.

Linthoi alikuwa jikoni na Mama, wanamenya viazi. Kasema kaazima baiskeli ya mjomba wake aje kuniona.

Jioni nimemsindikiza, tunaikokota mpaka kwao, njia nzima. Kasema anamshuku mtu kwa upepo ule. Nikamuuliza nani. Akanitazama, akacheka peke yake mpaka akasimama njiani.

Sikukipenda kicheko kile. Nani huyo anayemchekesha hivyo na hata hayupo? Kesho nitaanza kuchunguza.