Mashine ya Kujichapia Ripoti

Jumatatu, 12 Mei 1986

Ramadhani bado changa, na mimi tayari nimeaibika. Nimechelewa tena futari kwa Mzee Abdurahim, Shauri Moyo. Vyombo vimeshaoshwa! Mzee akasema anayechelewa futari atachelewa hata harusi yake. Salme, binti yake, akainamisha uso. Jumbe, fundi redio, alikuwa pale ameshiba, anajichokoa meno. Akaniambia niaje Idarusi, uji umebaki kikombe kimoja. Ulikuwa baridi. Naye anamtaka Salme. Shauri Moyo nzima inajua.

Kosa si langu. Ni la mashine. Kiwandani kwetu tunatengeneza mafuta ya kupikia, na maabara ina kromatografu. Unaipa tone la mafuta, inalitenganisha, inachora vilima kwenye kompyuta, ndipo ujue kama mafuta ni mazima au yamechakaa. Polepole kama maharagwe makavu jikoni! Na kila sampuli ikiisha, lazima mtu awepo abonyeze vitufe achape ripoti. Mtu huyo ni mimi. Sampuli ya mwisho huisha jua likizama.

Sasa Mzee ametualika sote wawili, mimi na Jumbe, tufuturu kwake Ijumaa. Anataka kututazama. Baadaye atasema wazee wa nani walete posa. Nikichelewa Ijumaa, Salme ameenda.

Basi mashine itajifunza kuchapa yenyewe.

Jumatano, 14 Mei

Nimesoma kitabu cha maagizo mpaka macho yakauma. Programu imekamilika. Sampuli ikiisha, ripoti inachapwa. Bila mimi!

Bwana Naftaly, mkubwa wa maabara, alipita akauliza ninafanya nini. Nikasema napangusa vumbi. Akaridhika. Mtu mwema, ila karatasi huzigawa kama dawa.

Nimeongeza pambo langu. Chini ya kila ripoti yanatoka maneno kwa Kiswahili, herufi kubwa, ili Bwana Naftaly asihangaike na miwani: MAFUTA HAYA YANAFAA KULIWA, au MAFUTA HAYA HAYAFAI KULIWA. Kompyuta inaamua. Nimejaribu sampuli moja, nikasimama nikatazama, nikaizima mwenyewe. Safi. Nikajipigia makofi.

Ijumaa, 16 Mei

Ushindi! Nilipanga sampuli zote kwenye mashine. Ya mwisho ilikuwa mafuta meusi yaliyorudishwa na mteja mmoja mkali. Nikawasha programu, nikatoka nikipiga mluzi.

Nilifika Shauri Moyo kabla ya adhana. Tende ya kwanza mkononi mwangu! Jumbe alikuja jasho linamtoka, wenzake wameshafika kwenye mchuzi. Eti redio ya mtu ilimkwamisha. Pole sana. Salme aliniletea kaimati, akanitazama kidogo. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula. Nilikula sita tu.

Jumamosi, 17 Mei

Ole wangu. Asubuhi mlango wa maabara ulikataa kufunguka. Nikausukuma kwa bega. Karatasi! Sakafuni, mezani, chini ya kiti cha Bwana Naftaly. Niliiambia mashine ichape ikimaliza. Nayo haikuacha. Imerudia ripoti ya yale mafuta meusi mpaka katoni nzima ikaisha.

Nikazikusanya kabla Bwana Naftaly hajafika. Nizitupe wapi? Pipa la kiwanda analipitia kila siku.

Hapo akili ikanijia. Mzee Abdurahim hukaanga bajia kibandani kwake, na juzi alilalamika kwamba magazeti ya kufungia yamekuwa adimu. Mkono mtupu haulambwi! Nikajitwika katoni, Jogoo Road nzima, kwa saumu. Mzee akafurahi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Jumbe alikuwa amemletea chumvi.

Jumapili, 18 Mei

Siwezi kuandika. Nitaandika.

Jioni foleni ilikuwa ndefu. Mama Warigia wa Mbotela akapokea bajia zake, akaikunjua karatasi, akasoma kwa sauti ya kanisani: MAFUTA HAYA HAYAFAI KULIWA. Kila mtu akatazama karatasi yake. Maneno ni yale yale! Jumbe naye akayarudia, akiiga mtangazaji wa habari, kwa wasiojua kusoma. Foleni ikayeyuka. Karai likabaki linachemka peke yake.

Mzee akaniuliza kama nilitumwa. Nikasema hapana. Akasema basi niende zangu, na katoni yangu.

Salme alinifuata mpaka nje. Sikuwahi kumwona amekasirika. Akasema mashine iliyowatukana ndiyo itakayowasafisha, akanikabidhi chupa ya mafuta ya karai la baba yake.

Jumatatu, 19 Mei

Na kama kweli yamechakaa? Nilidondosha tone kwenye mashine. Nilisoma dua zote ninazozijua, na nyingine nikazianzisha nisizimalize.

Bwana Naftaly akanikuta na ile chupa. Nikamweleza yote, hata vumbi. Akacheka miwani ikamwanguka. Kisha akaacha kucheka, akaamuru mashine isiachwe tena peke yake.

Vilima vikatulia. Printa ikalia. YANAFAA! Nakala moja tu, kidole changu kwenye swichi. Bwana Naftaly mwenyewe akatia sahihi.

Jioni Mzee akaibandika mbele ya kibanda. Mama Warigia akaisoma kwa sauti ile ile. Foleni ikafika barabarani! Jumbe alinunua bajia, akaondoka. Mzee akasema hakuna kibanda kingine chenye cheti kama chake. Akaongeza, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba wazee wangu wakaribie baada ya Idi.

Alhamdulillahi. Nimelia kidogo.

Jumatano, 21 Mei

Leo Mzee ameniita nifuturu na wajomba zake Salme, wamefika kutoka Mombasa kunitazama. Siwezi kuchelewa. Sampuli ni nyingi, na Bwana Naftaly ametoka mapema.

Najua alichosema. Lakini yeye hajalichunguza lile kosa la Ijumaa. Mimi nimelichunguza kwa makini, nimeligundua. Karatasi ziliisha.

Leo nimeweka katoni mbili.