Siku Mama Pacha Alipotoa Pini Mdomoni

Kaeni vizuri, enyi wenye masikio, nanyi mliosimama mlangoni mkijidai mnapita tu, ingieni, viatu viacheni nje. Zimeni redio. Mwenye kukohoa amalize kukohoa sasa hivi. Maana ninalotaka kulisimulia si habari za wafalme waliogombania mito na milima; hao wameshaandikwa vya kutosha, na wengi wao hawakustahili hata wino. Hili ni tendo la mtu mmoja, fundi wa saa, mwembamba kama mshale wa dakika, aliyejitwika kazi ambayo majemedari wenye majeshi wangeikimbia wakaacha na viatu: kumchekesha Mama Pacha.

Mtajeni kwa sifa zake zote! Fundi Saa, Bwana wa Bisibisi Ndogo, Mfufuaji wa Saa Zilizokata Roho. Na ubavuni pake mtajeni swahiba wake wa tangu ujana, Baba Pacha, dereva mstaafu wa lori, Simba wa Usukani, Kifua-Kama-Boneti, ambaye hakuogopa mlima wala tope wala askari wa barabarani. Aliogopa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa amemwoa.

Wawili hawa walikuwa na gari. Nasema gari kwa kuwa sina neno jingine la adabu. Lilikuwa dogo, jeupe kwa sehemu, mlango mmoja wa buluu, na gia ya tatu ilikwishaliaga zamani. Kwa gari hilo walizurura wiki nzima, wakienda popote na kurudi kwa bahati, huku wakijirekodi kwa simu ya Fundi. Kisha Fundi akazikata picha na kuziunga, kwa subira ya mtu aliyezoea kushika skrubu zisizoonekana, hata ikazaliwa filamu: kichekesho cha marafiki wawili barabarani, kisichoheshimu mtu wala kitu, chenye utani tele uliofahamika barabara na watu wawili tu, yaani wao wenyewe.

Sasa Mama Pacha alikuwa mshonaji, na gari lile lilikaa mbele ya dirisha la cherehani yake. Lilimzibia mwanga. Lilivuja oili pale wateja wanapokanyaga. Akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje Jumatatu, akautia ufunguo katika mfuko wa aproni, na mashujaa walipopiga magoti kumbembeleza, akatoa hukumu.

"Mmepotea wiki nzima, mmerudi na video ya kuchekesha. Haya. Nitaitazama. Nikicheka, hata mara moja, gari libaki. Nisipocheka, linapanda mizani."

"Shemeji," Fundi akauliza, "na tabasamu linahesabika?"

"Tabasamu nampa hata mteja aliyenichosha. Nimesema kucheka."

Jumapili mchana, kabla ya kuingia vitani, Fundi Saa alimshika mwenzake bega pale ukumbini, penye ndoo na mwavuli uliovunjika, akamhutubia. "Ewe ndugu yangu wa njia mbovu! Leo hatupigani kwa ajili ya bati na matairi. Likiondoka gari lile, wewe utakaa kibarazani kuhesabu kuku wa jirani, nami nitakaa dukani kusikiliza saa za watu zikinizeesha. Tukiachana na usukani, tumeachana na sisi."

"Maneno mazito," akajibu Baba Pacha, akijifuta macho. "Lakini yule hacheki, bwana. Siku ya harusi yetu paa la turubai lilimwangukia mshenga, watu wakagaagaa. Yeye akauliza nani alifunga kamba."

Wakaingia sebuleni. Naye alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha mkono, gauni la mteja magotini, sindano mkononi, na midomoni amebana safu ya pini, vichwa nje, mfano wa mikuki juu ya ukuta wa boma. Fundi akawasha runinga. Vita vikaanza.

Shambulio la kwanza lilikuwa utani mkuu, mama wa utani wote wa safari ile. Kwenye kioo akaonekana Baba Pacha anaendesha na Fundi ameshika ramani. "Njia panda ile, kulia," akasema Fundi wa filamu. Papo hapo dereva akaangua kilio: "Uuuwi! Mama yangu mie!"

"Kulia, bwana, kulia!"

"Si ndiyo nalia!"

Mashujaa wakaangukiana kwenye sofa, sofa likanung'unika. Mama Pacha akavuta uzi.

"Kwa hiyo mlikata kona, au hamkukata?" akauliza kwa pembe ya mdomo, pini zikitikisika.

"Tulipitiliza, shemeji! Ndiyo utamu wenyewe!"

"Mkapotea."

"Tukapotea, ndiyo!"

"Haya."

Na hiyo "haya" ikaanguka kama lango la mji lifungwapo usoni pa jeshi.

Wakaleta shambulio la pili. Kila gari lilipotoka gia ya pili kwenda ya nne, wawili hao walivua kofia wakainamisha vichwa. "Tumkumbuke marehemu Gia ya Tatu," alinena Fundi kwa sauti ya msibani. "Alikuwa gia mwema." Naye Baba Pacha akaitikia, "Hakumkwaruza mtu."

"Kwani gereji hawawezi kuiweka?" akauliza Mama Pacha.

"Ikiwekwa, mke wangu, utani unakufa!"

"Haya."

Katika shambulio la tatu, Fundi wa filamu alitazama shamba tupu, akatamka neno moja tu: "Bata." Mashujaa wakapaliwa kwa kucheka, mmoja akapiga sakafu kwa kiganja.

"Bata yuko wapi?"

"Hayupo!" akalia Baba Pacha. "Ndiyo maana!"

Sitawaeleza ile "haya" ya tatu. Nina moyo.

Hapo ndipo Bwana wa Bisibisi Ndogo, ambaye riziki yake ni kuona kitu kidogo kinachozuia kikubwa, alipoitazama ile mikuki ya bomani, akasimama katikati ya zulia. "Shemeji, ewe ngome isiyotekwa! Sidai huruma, nadai haki. Mtu mwenye pini mdomoni hachekeshwi, akicheka atazimeza. Tunapigana na chuma, si na wewe. Zitoe!"

Mama Pacha akaweka sindano chini. Kisha akazitoa, moja moja, akazichoma kwenye kijimto chake. "Mdomo wangu huo. Haya, chekesha."

Lakini, ole! Kwenye kioo yalikuwa yametokea maandishi makubwa: MWISHO.

Baba Pacha akafunika uso. Fundi akatafuta rimoti azime aibu ile. Ila runinga haikuzimika, wala filamu haikuisha, kwa kuwa fundi huyu, mkata picha hodari, alikuwa amesahau kukata mkia. Simu iliachwa inarekodi juu ya dashibodi, nao hawakujua.

"Tumechelewa," ikasikika sauti ya Baba Pacha. "Nikimpigia nimwambie nini?"

"Tufanye mazoezi. Mimi ndiye Mama Pacha."

Fundi akatokea mbele ya gari, ramani ameifunga kiunoni kama aproni, njiti za kiberiti amezibana mdomoni, mkono mmoja kiunoni. "Baba Pacha," akasema kwa pembe ya mdomo, "jieleze."

"Mke wangu, gari..."

"Sikuuliza gari. Nimekuuliza wewe."

"Ni tairi, mama..."

"Usiniletee tairi. Simama wima."

Na Simba wa Usukani, katika barabara tupu, mbele ya fundi saa mwenye njiti mdomoni, akasimama wima. Akavua kofia. Midomo ikamtetemeka.

"We, unalia kweli?" akauliza Fundi kwa sauti yake mwenyewe.

"Umemwiga mno, bwana. Nilisahau kama ni wewe."

Sebuleni Kifua-Kama-Boneti aliirukia runinga akaikumbatia, lakini kifua huziba picha, sauti hakizibi. Fundi alikuwa amejitupa kwenye sofa, akaikalia rimoti asijue, na kadiri alivyojigeuza ndivyo sauti ilivyopanda.

"Toka mbele ya runinga," akasema Mama Pacha. "Irudisheni."

Wakairudisha. Akatazama tena mpaka mwisho, uso umetulia kama meza.

"Mimi nasema hivyo?"

"Hapana, shemeji."

"Mimi husimama hivyo, kama birika?"

"Hata kidogo."

Akainuka. "Wewe Fundi! Jieleze!"

Neno lilipomtoka, akalisikia. Akautazama mkono wake. Ulikuwa kiunoni.

Kicheko kikaanzia mabegani. Kikashuka tumboni, kikakusanya nguvu zilizolimbikizwa tangu lile turubai la harusini, kikapanda, kikavunja boma, gauni la mteja likaanguka, vikombe vikagongana kabatini, jirani akachungulia. "Kama birika!" alipiga kelele Mama Pacha, akimshikilia mumewe asianguke. "Na wewe ukavua kofia! Ukamvulia kofia Fundi!"

"Bata!" akajaribu Baba Pacha, kwa kuona mambo yamekuwa mazuri.

"Hilo bado halichekeshi." Akaendelea kucheka.

Alipopata pumzi akatoa ufunguo. "Libaki. Ila nyuma ya nyumba, mbali na dirisha langu. Na safari ijayo mbele nakaa mimi. Huo mchezo wenu wa kulia, nimeuelewa, lakini mimi nikisema kulia, mtakata kona."

Basi waiandike waandishi wa historia, kwa herufi nene, kwamba siku ile ngome ilianguka bila kumwagika damu wala chai. Na Jumatatu mnunuzi wa vyuma alipofika na mizani yake, aliwakuta washindi wanalisukuma gari kuelekea nyuma ya nyumba, kwani lilikataa kuwaka, na Mama Pacha dirishani akiongoza. "Na wewe usisimame tu hapo," akamwambia, "shika kule nyuma!" Naye, asijue kwamba anasukuma historia, akaweka mizani chini, akasukuma.