Kaimu Mwenyekiti na Meli ya Lipingo

Jumatatu, 9 Machi

Nimeamka Kaimu Mwenyekiti. Huenda nikaimaliza wiki raia wa kawaida. Hali ni mbaya!

(Augustino anasema leo ni Jumanne. Augustino hana kalenda. Mimi ninayo, ya 2015, imetundikwa juu ya kitanda changu. Siku ni siku.)

Habari yenyewe. Baada ya uji Getrude, msimamizi wa jiko letu, ametangaza kwamba muhogo unaisha. Huu tunaochimba sasa una ladha ya sabuni. Jana mzee Tadei alicheka akatoa povu. Kwa hiyo Jumapili, baada ya sala, sote tufunge mizigo tupande kwao Kigonsera. Amesikia kule masizi hayakushika sana, na ngoro bado zinatoa mahindi. Ngoro ni yale mashimo ya Wamatengo shambani: unafukia majani, unainua udongo, unapanda kingoni. Yaani kuinama kutwa nzima. Mgongo wangu na ngoro haviwezi kuishi mlima mmoja.

Lakini si mgongo tu. Niseme ukweli, maana hapa hasomi mtu. Kigonsera wana mwenyekiti wao tayari. Mimi kabla ya Mwaka wa Masizi nilikuwa Afisa Utamaduni, nimehamishiwa huku kutoka Manyoni, na hakuna aliyejua kazi yangu ni ipi. Hata mimi. Kisha mbingu ikamwaga masizi, mito ikageuka rangi, ziwa likavaa utando mweusi, na sisi tuliobaki tukakusanyika hapa Lipingo kwenye darasa lenye paa. Mimi peke yangu nilikuwa na tai. Wakanifanya Kaimu. Sijawahi kuheshimiwa namna hii maishani! Sitaki kurudi kuwa "wewe kaka wa ngoma".

Augustino, zamani Afisa Vipimo, ameunga mkono hoja kabla haijaisha. Amejitolea kuongoza msafara. Kumbe ana filimbi. Ameificha muda wote huu!

Bibi Luisa amesema yeye haendi. Ndiye pekee kati yetu aliyezaliwa pwani hii. Sisi wengine ni watu wa milimani na watumishi wa kuletwa. Amesema amekua na ziwa, atakufa nalo, tumwachie sufuria moja. Mimi iliniuma kweli. Kisha nikafikiria kubaki naye. Mwenyekiti wa mtu mmoja, tena anayenizidi umri. Hapana.

Lazima ipatikane sababu ya kubaki sote.

Jumanne, 10 Machi

Imepatikana! Mungu hamtupi kaimu wake!

Asubuhi nilikuwa ufukweni kwa haja zangu. Nikainua macho. Mbali, katikati ya ziwa, moshi! Mweusi, umesimama wima, mrefu kuliko mnara wa simu. Pafukapo moshi pana moto. Na penye moto majini pana meli. Hesabu ya darasa la pili.

Nimekimbia hadi kambini nikipiga kelele, suruali mkononi. Watu wametoka wote. Wameuona! Nimewaeleza papo hapo kwamba ni meli ya msaada, na meli ya msaada ina sukari, betri na mchele. Nani ataipokea tukiwa tunalima ngoro Kigonsera?

Bibi Luisa ameweka mkono juu ya macho, akatazama muda mrefu. Akasema, kungu. Nimemsahihisha kwa heshima, shikamoo nilikuwa nimeshampa. Nikamwambia Kiswahili sanifu ni ukungu. Akasema, kungu. Nikasema, ukungu, bibi, u-kungu. Na tena ukungu hulala, hausimami. Huu ni moshi. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi asiye na miguu, akaenda zake kutafuta vikapu vyake vya zamani. Uzee!

Augustino amedai ni mvuke wa sumu tu. Nikamuuliza mbele ya watu: wewe mtu wa Moshi, huujui moshi? Watu wamecheka hadi barakoa zao za gunia zikawavuka. Siku njema mno.

Getrude hakucheka. Amesema meli ina hadi Jumapili. Isipofika, tunapanda.

Jumatano, 11 Machi

Moshi upo tena, mwembamba kidogo. Meli imepunguza mwendo, jambo la busara.

Maandalizi. Zulia: magunia ya kahawa tuliyoyaokoa Mbinga, yameshonwa na kupakwa udongo mwekundu. Bango: MGENI NJOO MWENYEJI APONE, kwa masizi, yanapatikana bure. Kwaya: ina tatizo. Wanaimba "Karibuni wageni", lakini kupitia barakoa za gunia inatoka "Haribuni wageni". Nimewaagiza waimbe kwa tabasamu. Wakasema tabasamu halionekani, nao wako ndani ya gunia.

Augustino amegeuka! Sasa anaamini meli kuliko mimi. Ameupima moshi kwa rula, jicho moja amefumba, akatangaza kwamba meli ni ndefu kuliko gati la Mbamba Bay na kwamba yeye ndiye atakayempokea nahodha. Tumebishana hadi uji ukapoa. Mwisho tumekubaliana tumpe nahodha mkono kwa pamoja, mmoja kulia, mmoja kushoto. Tukapiga kura ya majani. Nimepata kushoto. Yaani msaada wa kwanza tangu dunia iharibike, na mimi nitaupokea kwa mkono wa matusi!

Bibi Luisa amekuja kuomba mafuta ya kupikia apake vikapu. Kupaka vikapu mafuta! Nimekataa. Yaliyobaki ni ya viatu vyangu siku ya mapokezi. Baadaye nimemwona Getrude akimpa kwa siri. Nidhamu inashuka.

Alhamisi, 12 Machi

Hakuna moshi. Hakuna hata uzi mmoja.

Watu wananitazama. Tadei ameniuliza kama meli imegeuza. Nimemwambia imetia nanga, mabaharia wanapumzika. Ameuliza wanapumzika kutokana na nini. Mtu mbaya.

Nikapata wazo. Watu wakikosa moshi, wapewe moshi! Mchana, wote walipolala kukwepa vumbi, nimefunga madumu matupu kwa kamba, nimeweka juu yake sinia, majani mabichi na kaa la moto, nikaingia ziwani nikipiga kasia kwa kipande cha dawati. Mpango: nifike mbali, nifukize, nirudi, niamshe watu niwaonyeshe.

Sikufika mbali. Moshi wangu ulikataa kusimama wima, ukaingia wote machoni. Cheche ikaangukia kwenye kamba. Madumu yakaachana kama ndugu kwenye mirathi. Nikazama hadi kifuani na tai yangu.

Jambo la kushangaza: chini ya ule utando maji ni maangavu. Nimeiona miguu yangu yote. Aibu tupu, mtu akiwa juu angeniona pia. Halafu kitu kimenidonoa kidole gumba cha mguu! Kikarudi na wenzake, wakanidonoa tena! Nimetoka ziwani mbio. Hata uchafu sasa unang'ata. Nitauandikia malalamiko.

Ufukweni alikuwa amesimama Augustino. Amepuliza filimbi.

Ijumaa, 13 Machi

Nimelala na homa. Masizi hayatoki mwilini, nimefanana na bango langu.

Augustino amewaambia watu kila kitu. Kisha amewaambia kwamba kesho ndiyo Jumapili. Nimepiga kelele kutoka kitandani kwamba kesho ni Jumamosi, kalenda hii hapa. Wamejibu kwamba kalenda ni ya 2015 na mwenyewe alikamatwa akifukiza ziwa. Wanafunga mizigo. Kesho asubuhi wanaondoka.

Hakuna aliyeniita Mwenyekiti leo. Hata kwa kejeli. Nimejifunika shuka nikalia kidogo. Vumbi.

Bibi Luisa ameniletea maji ya moto. Mtu niliyemnyima mafuta. Nimemwambia kesho atabaki peke yake na kosa ni langu, nilitaka meli ije, nikaambulia kudonolewa. Akauliza nini kilinidonoa. Nikamwonyesha kidole. Ameshika mguu wangu kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga, akacheka hadi akakaa chini. Halafu akaanza kulia. Huku akilia bado ameshika kidole! Sijawahi kuona kiungo changu kikiheshimiwa hivyo. Nikadhani ni kidonda cha kufa. Nimemuuliza nina muda gani. Akasema, lala, mwanangu, kesho tutapata wageni.

Maskini. Hata yeye sasa anaamini meli. Nimemdanganya bibi wa watu.

Jumamosi, 14 Machi

Sijui nianzie wapi. Masikio bado yamejaa.

Asubuhi msafara umepanga mstari. Mizigo vichwani. Augustino mbele na filimbi. Getrude amekwenda kumuaga Bibi Luisa, akamwekea ile sufuria. Bibi hakumtazama. Alikuwa anatazama ziwa.

Moshi! Si mmoja. Mitatu, minne, ziwa zima linafuka! Na unakuja kwetu!

Nimeruka kitandani. Kundi la meli! Nimefunga tai, nimesukuma watu, nimesimama kwenye zulia mkono wa kushoto tayari. Augustino ametupa filimbi na kuja kulia kwangu. Kwaya ikaanza: Haribuni wageni! Moshi ukafika gati la mawe. Ukapanda ufukwe. Nikafungua hotuba na mdomo kwa pamoja: "Ndugu Nahodha..."

Moshi ukaingia mdomoni.

Una mabawa!

Wadudu! Wadogo kama mbu wasiouma, malaki kwa malaki, puani, masikioni, ndani ya hotuba. Augustino amemshika nahodha mkono, kumbe ni mimi. Tumepeana mikono muda mrefu bila kuonana. Bango limegeuka jeusi lote, limebaki neno MGENI.

Katikati ya giza hilo nimesikia vigelegele. Bibi Luisa! Ametoka na vikapu vyake vilivyopakwa mafuta, anavizungusha hewani, anacheza, anapiga kelele: kungu! Kungu! Na wadudu wananata vikapuni kama uji. Amemrushia Getrude kikapu, Getrude ameshusha mzigo kichwani, Tadei amevua kofia akaizungusha. Dakika chache msafara mzima unacheza.

Baadaye, kinywa kilipopatikana, ametueleza. Kungu ni hawa. Huzaliwa ndani ya ziwa, chini kwenye tope, na kupanda juu kama moshi. Ziwa lililokufa halitoi kungu. Hakuwaona tangu Mwaka wa Masizi. Na kilichonidonoa ni dagaa. Ziwa linapumua, amesema, akajifunika uso kwa kanga. Getrude amemkumbatia. Watu wazima wamelia waziwazi, na wadudu wakawanata machozini.

Mimi pia. Nililia kuliko wote, kwa sababu hotuba ilikuwa nzuri sana.

Jioni wamekanda kungu, wakatengeneza vikate, wakavikausha juu ya mawe ya moto. Nimekataa kula. Sili wageni wa serikali. Nimekula viwili nyuma ya darasa. Utamu wa ajabu! Nikarudi kula vingine, nikamkuta Augustino hapohapo, mdomo umejaa. Tumekubaliana hatukuonana.

Jumapili, 15 Machi

(Augustino: Jumatatu. Anasali peke yake basi.)

Kikao. Imeamuliwa tubaki. Tadei atapanda Kigonsera na mzigo wa vikate kuomba mahindi, na kuwaambia wenzetu ziwa lipo. Bibi Luisa hataachwa na mtu. Hilo limenifurahisha, nakiri, hadi walipomchagua Mwenyekiti. Mwenyekiti kamili! Hata kukaimu hakupitia!

Mimi nimepewa vikapu. Nipake mafuta.

Nimesimama kuweka kumbukumbu sawa. Bila meli yangu mngeondoka Jumatatu. Getrude amenikumbusha kwamba safari ilikuwa ya leo tangu mwanzo. Nikasema ndiyo, lakini mngeondoka kwa huzuni. Bibi Luisa amenionea huruma, akaniita kando, akaanza kunifundisha taratibu: tazama, mwanangu, unaona kitu kwa mbali, kinafuka, kwanza unauliza wenyeji. Sema kungu. Nimesema ukungu. Sema kungu. Nimemwambia tutalijadili.

Alasiri nimeona kitu. Upande wa milimani, Kigonsera hukohuko. Moshi! Mweusi, mnene, umesimama wima. Nimefuata ushauri wa Bibi, nimewauliza wenyeji. Getrude amesema ni kwao wanapika pombe. Bibi Luisa amesema, msikilize Getrude. Augustino amesema meli haipandi mlima.

Augustino hana kalenda.

Nimewaambia wasikunje zulia.