Jinsi ya Kusimamisha Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Ufadhili! Chuo kikuu, shahada ya uzamili ya kuwaelezea watu wa kawaida sayansi, kila kitu bure, kwa kumbukumbu ya marehemu Daktari wa Wadudu. Nafasi moja. Tuliovuka mchujo ni wawili: mimi na Miwani, binti wa jirani, ambaye nilimfundisha mwenyewe kugawanya akiwa darasa la nne. Hana haya!

Nikikosa, Jumatatu ijayo naanza kufyatua matofali kwa shemeji. Ameshaninunulia mabuti. Nimemwambia dada kwamba mimi ni mtu wa kalamu. Kasema hata kalamu hiyo kanunua yeye.

Jumanne, 4 Machi
Karani wa chuo kanipa siri. Hakuna jopo la maprofesa! Anayeamua ni mjane wa marehemu, Mama Fundi, mshonaji. Miaka yote marehemu alimjaribishia mkewe hotuba zake huku mama akishona. Cherehani ikiendelea, hotuba imekufa. Ikisimama, imefaulu. Na sisi tutapimwa hivyohivyo kesho, chumbani kwake. Mtu na shahada zake tatu, anasubiri mguu wa mkewe!

Kisha akili ikachemka. Nikampelekea Mama Fundi shati lisilo na kifungo. Alipoingia ndani kutafuta kinachofanana, nikapitisha wembe kwenye mkanda wa cherehani. Nusu tu. Nimepiga hesabu: nikifika pale patamu, mkanda unakatika, mashine kimya, chuo nimeingia. Akili zangu wakati mwingine zinanitisha mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Miwani kapewa zamu ya kwanza. Sentensi ya pili tu, pa! Mkanda chini. Nikajua nimempa mtoto wa watu ushindi kwa mkono wangu. Lakini Mama Fundi akasema hiyo ni kuharibika, haihesabiki, turudi Jumamosi atakapokuwa na mkanda mpya. Akautazama ule uliokatika. Kisha akanitazama mimi. Nikajitolea haraka kukagua mashine, nikazama chini ya meza.

Huko chini, ili niseme chochote tu, nikauliza uzi wa chini unakutanaje na wa juu. Mama akafungua kifuniko, akazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu.

Jamani! Sindano inashuka na uzi. Ikianza kupanda, uzi unalegea, unafanya kitanzi. Hapo kindoano kinakuja mbio, kinadaka kitanzi kile na kukipitisha kuizunguka bobini nzima, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na uzi wote umo ndani yake! Kisha vuta, nyuzi mbili zimekumbatiana. Nikaomba azungushe tena. Na tena. Nikapiga kelele. Nikamwita Miwani ainame aone. Nikawaeleza nikiwa chali sakafuni, vumbi la vitambaa puani, kwamba kila shati duniani lina maelfu ya vitanzi vya namna hiyo, kila kimoja kimedakwa kwa wakati wake.

Mama alikuwa akishona pindo kwa mkono. Sindano ikabaki hewani. Kaniambia kashona miaka arobaini na hajawahi kuistaajabia mashine yake hivi. Jumamosi nimweleze hayohayo, basi.

Alhamisi, 6 Machi
Sijatulia tangu jana. Njiani nimekodolea mshono wa bega la mtu nisiyemjua mpaka akauliza kama ana mdudu. Nikamweleza. Kachelewa kazini. Dada nikamweleza, chai ikachemka ikamwagika yote, hana habari. Shemeji kavua shati akaligeuza ndani nje. Kasema miaka thelathini na minne anatembea na muujiza mgongoni na hajui!

Ila tuseme ukweli. Hizi ni habari za uzi. Chuo kikuu kinataka mambo mazito.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda na kurasa kumi na mbili kumhusu marehemu, ambaye sikuwahi kumwona, nikimwita baba yangu wa elimu. Maneno yote ya kamusi nimeyamaliza. Kwenye leso, kitunguu kilichokatwa, cha ukurasa wa tatu. Machozi yalitoka kweli. Makamasi pia. Mama Fundi akashona. Ukurasa wa tano akamaliza suruali. Wa tisa akaanza nyingine. Mwishoni kaniuliza kwa upole mbona sikuleta yale ya chini ya meza. Nikamjibu yale yalikuwa maongezi tu.

Miwani hakuwa na karatasi. Alieleza kwa nini mbu anayeuma ni jike: anayatafutia damu mayai yake, anahatarisha maisha kwenye kofi la kila mtu kwa ajili ya wanawe. Cherehani ikapunguza mwendo. Ikasimama. Kimya kile! Mguu wa mama ulitulia juu ya pedali, macho yamelowa bila msaada wa chochote. Nami nilijikuta nimesogeza kiti mpaka mbele.

Kapewa yeye. Mabuti yananitosha sawasawa. Nimekaa kitandani nikajihoji kwa uaminifu kabisa nilipokosea, na kosa nimeliona: kitunguu kimoja hakikutosha.