Taya la Shangazi Pyo

Wananchi wa wilaya ya Songnae wanaarifiwa kwa fahari kubwa kwamba sura za watumishi wa ofisi yao zimelinganishwa kwa asilimia tisini na tisa. Kazi hiyo imefanywa na Kitengo cha Ulinganifu wa Sura, ambacho katibu wake ni mimi, Tak Jung-ho.

Utaratibu ni mwepesi. Mtumishi huenda studio kupiga picha ya kitambulisho, na fundi humpunguzia taya, humkuzia macho na kumfutia madoa kwenye kompyuta. Hakuna anayelazimishwa. Fundi huwa ameshaanza kabla hujakaa vizuri.

Asilimia moja iliyobaki ni Shangazi Pyo Mal-sun, mpishi wa kantini. Taya lake ni pana, jicho moja dogo kuliko mwenzake, na shavuni ana kovu la mafuta ya moto. Kwa vigezo vyetu hizo ni kasoro tatu. Nakiri kwamba anayemtazama mara moja hurudia, hata foleni ya chakula ikawa haisogei. Suala hilo tuliliundia kamati ndogo.

Alileta picha ambayo haijaguswa.

"Shangazi, hii haijafikia kiwango cha picha," nilimweleza.

"Imefanana na mimi."

"Ndiyo tatizo lenyewe. Wenzako wote wamekubali."

"Sasa mwanangu, nikipunguza taya nitatafunia nini?"

Mkurugenzi Kuk, ambaye haamini kurekebisha picha na hurekebisha sura yenyewe hospitalini, alisaini barua: picha isipobadilishwa hadi Jumatatu, Shangazi hana kazi. Nilimpelekea jikoni. Baada ya miaka kumi na tisa kwenye masufuria yale, aliisoma mara mbili, wali ukiungua nyuma yake. Niliandika kwenye kumbukumbu kwamba ameipokea kwa utulivu.

Jumatatu hiyo tulizindua lango linalotambua sura. Saa mbili asubuhi tulipanga mstari kwenye baridi, na lango likatukataa mmoja mmoja.

"Hufanani na picha yako," lilisema kwa sauti ya upole.

Shangazi alifika na ndoo yake ya kimchi, kabichi ya kuchachua yenye pilipili. Likafunguka.

Kanuni ya kumi na mbili, niliyoiandika mwenyewe, inataka asiyetambuliwa adhaminiwe na mtumishi aliyetambuliwa. Alikuwepo mmoja tu. Aliikalia ndoo, akaweka fomu magotini na kuanza kututazama.

"Huyu ni Eom wa mapato. Mwanya mzuri hivi, kwa nini waliuziba kwenye picha? Na wewe, Katibu, sikio lako hilo lililochomoza ningelijua hata sokoni."

Nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Mkurugenzi Kuk alijongea mbele na sura aliyotoka nayo hospitalini wiki iliyopita. Shangazi alimkagua kwa haki kabisa, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto.

"Kijana mzuri," alisema. "Ila wa namna hii nimewaona wengi. Siwezi kuapa."

"Shangazi, ni mimi. Mimi ndiye niliyesaini barua yako."

"Basi barua imesainiwa na mtu asiyejulikana. Katibu, hapo kanuni zenu zinasemaje?"

Zinasema barua ya namna hiyo ni batili. Niliigongea muhuri wa kufutwa palepale langoni, kisha tukaingia ndani wote, kasoro mmoja.