Wangila wa Mapangoni

Jumapili, 5 Oktoba 2025. Bukoto, Kampala

Kesho nasafiri. Leo baada ya ibada nilisimama mbele ya kanisa, nikatangaza kwamba naenda Italia kumpa mjukuu wangu jina. Mchungaji hakuwa ameniita mbele. Watu walipiga makofi hata hivyo.

Hali ni hii. Binti yetu Docus ameolewa na Rocco, Mwitaliano aliyekuwa akichimba visima hapa Uganda. Wanaishi Matera, mji wa zamani huko kusini mwa Italia. Mwezi uliopita walipata mtoto wa kiume. Docus anasema mtoto analia kutwa kucha. Hapo nilielewa. Kwetu sisi Wabukusu, mtoto akilia bila kukoma, kuna marehemu anayetaka jina lake. Wazee huyataja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka mtoto anyamaze. Marehemu mwenyewe namjua. Ni baba yangu, Wangila.

Nilimweleza mke wangu. Akoth ni Mjaluo, mambo haya anayajua vizuri, lakini alisema mtoto analia kwa sababu ya tumbo. Yeye hasafiri; goti lake bado halijapona upasuaji. Amenifungashia unga wa wimbi wa uji wa mzazi. Akaniahidisha: nikifika nitoe unga, nikae, ninyamaze. Nimeahidi.

Unga nitautoa.

Jumanne, 7 Oktoba. Matera

Nimefika. Mji umekaa ukingoni mwa korongo refu. Nyumba zimechongwa ndani ya mwamba, moja juu ya nyingine, hata ukipita barabarani unakuwa juu ya paa la mtu. Ng'ambo ya korongo kuna mapango matupu, mlima mzima, meusi, kimya. Nilivua kofia. Sijui kwa nini.

Docus amekonda. Alinikumbatia. Mtoto alikuwa analia.

Kwao ni ghorofani, sehemu mpya ya mji, na hakuna nafasi ya mgeni. Rocco akanipeleka chini nitakapolala. Ni pango. Mimi, Nashon, baba wa mke, muuza magodoro wa Bukoto, nimewekwa pangoni. Rocco alinieleza kwa Kiswahili chake cha Kampala kwamba ni nyumba ya wageni ya binamu yake, na watu hutoka nchi za mbali kuja kulala humo. Nilimpigia Akoth kumshtakia. Akauliza kama kuna godoro. Nikalibonyeza. Sponji nzito, bora kuliko yoyote niliyo nayo dukani. Hilo sikumwambia.

Jioni nilikutana na mama yake Rocco. Anaitwa Filomena. Mjane, mfupi, nguo nyeusi, mikono ya mtu aliyefanya kazi maisha yake yote. Alinipa mkate mkubwa kama mto wa kulalia. Halafu akambeba mtoto, akamwita Eustachio.

Niliuliza Eustachio ni nani. Rocco akasema ni marehemu baba yake. Desturi ya huku, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu wa upande wa baba. Ubatizo ni Jumapili hii. Nilijaribu kulitamka jina hilo, nikajiuma ulimi.

Ni kweli hata kwetu upande wa baba ndio hutangulia. Hilo halihusiani.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeanza kazi. Baada ya chakula niliwaeleza mila yetu ya kutaja majina. Nilieleza kwa upole, kama mtu anayesimulia tu mambo ya kwao. Rocco aliipenda sana. Alisema ni lazima tuifanye kesho, mama yake ataje la kwao, mimi nitaje la kwetu, tuone mtoto atanyamaza wapi. Filomena alipotafsiriwa alicheka kidogo, akakubali. Ana uhakika na Eustachio wake. Namwonea huruma.

Docus alinitazama kama mama yake anavyonitazama. Alifungua kinywa kusema kitu, kisha akaenda kukoroga uji.

Tatizo ni moja. Mtoto hajui kanuni. Anaweza kunyamaza mahali pasipofaa. Kwa hiyo nimeomba niwe mimi nitakayempakata, kwa sababu ya umri. Blanketi litafunika miguu. Kidole gumba changu kitakuwa kwenye unyayo. Likitajwa lao, nitamfinya kidogo tu. Likitajwa letu, nitaachia. Baba yangu angeelewa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku mbaya.

Tuliketi sebuleni. Mtoto, ambaye analia tangu azaliwe, leo alikuwa amelala. Filomena akainama, akamwita kwa sauti ndogo: Eustachio. Nikafinya. Mtoto alipiga ukelele ambao sijausikia tangu nimefika. Mpaka hapo mpango ulikwenda vizuri.

Nikaachia. Nikataja: Wangila. Mtoto alilia. Nikarudia. Alilia zaidi. Nikamtaja kwa ukamilifu, Wangila mwana wa Sitati, na ukoo, na kijiji, na mto ulio karibu na kijiji. Alilia mpaka uso ukawa kama nyanya. Kumbe mtoto ukishamliza hazimiki kama taa.

Filomena alimchukua kutoka mikononi mwangu. Blanketi likaanguka. Kwenye unyayo palikuwa na alama nyekundu, umbo la ukucha. Aliutazama unyayo. Akakitazama kidole changu. Aliubusu ule mguu, akaufunika.

Docus aliona pia. Alikuwa ameshika bakuli la uji.

“Baba,” alisema, “umemfinya mwanangu?”

Nilisema nilikuwa nauegemeza mguu.

“Hajamaliza mwezi duniani, na babu yake ameshamtia alama.”

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua la kujibu. Alimwomba Rocco anirudishe nikapumzike. Sikupewa mtoto kumuaga.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hakuna aliyepiga simu. Akoth hapokei, maana yake ameshaambiwa.

Niliteremka mpaka korongoni. Kuna kijito huko chini, na daraja la kamba linalotikisika. Nilivuka. Upande wa pili niliingia kanisa moja lililochimbwa ndani ya mwamba, limeachwa, ukutani watakatifu wamechorwa na nyuso zao zimefutika nusu. Kanisani kwetu hatuna picha ukutani. Nilikaa pale nikitazamwa na macho ya watu wasiojulikana tena majina. Nikafikiria kwamba nimesafiri njia yote hii, na mjukuu wangu atakua akiambiwa kwamba babu wa Kampala alikuja mara moja, akamfinya.

Nilikusudia kumwomba Docus msamaha. Lakini njiani nilipita kwenye kanisa la ubatizo na padri alikuwa mlangoni. Sikuweza kuiacha nafasi. Kwa ishara na simu inayotafsiri nilimwuliza kama jina la mtoto bado linaweza kubadilishwa. Alisoma, akatabasamu, akajibu kwamba limeshaandikwa tangu alipozaliwa, nisiwe na wasiwasi. Akanipigapiga begani kama mfiwa.

Basi. Ni Eustachio.

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi walibisha hodi. Alikuwa Filomena, na Rocco nyuma yake.

“Baba,” Rocco alisema, “mama yangu anataka wewe kuja na sisi. Si mbali.”

Nilidhani wananipeleka kituo cha basi. Nilivaa koti.

Tulipanda ngazi, tukashuka nyingine, yule mama mbele, anashika ukuta kama mtu anayeijua njia hata akifumba macho. Akasimama kwenye pango moja lisilo na mlango. Halijafanywa hoteli. Ndani kuna chumba kimoja kirefu kinachozama kwenye giza la mwamba. Akaanza kuonyesha kwa kidole na Rocco akawa anatafsiri.

“Hapa ndio mama alizaliwa. Kitanda ilikuwa hapa, baba, mama, watoto yote. Kuku chini ya kitanda. Huko nyuma, punda.”

Juu kwenye dari kuna pete ya chuma. Filomena aliinyooshea mkono, hakuifikia.

“Hiyo ya kufunga kamba ya kitanda ya mtoto,” alisema Rocco. “Mama alikuwa na ndugu mdogo. Alilia sana, kama huyu wetu. Ilikuwa homa. Padri hakuwahi kufika. Akakufa bila ubatizo, bila jina. Mama yao mpaka uzeeni alikuwa anasema tu, yule mdogo.”

Filomena alisema kitu kingine, taratibu, akinitazama mimi.

“Anasema jina yoyote ni nzuri. Mbaya ni mtoto kwenda bila jina.”

Baadaye serikali iliwahamisha wote, wakapewa nyumba mpya huko juu. Waliambiwa wanaishi kama wanyama. Mama yake Filomena alilia siku ya kuhama, Rocco alisema, kwa sababu yule mdogo walikuwa wanamwacha huku chini.

Sikuwa nimepanga kusema. Lakini niliwaambia juu ya baba yangu. Nyanya alikuwa anarudi kwa miguu kutoka shamba la mzungu karibu na Kitale, mumewe ameugua, kibarua kimeisha, mahindi kichwani. Uchungu ukamshika njiani. Alijifungua kando ya barabara, wapita njia wakamsitiri kwa nguo zao. Ndiyo maana baba akaitwa Wangila, wa njiani. Maisha yake yote alicheka akiulizwa kwao ni wapi. Alikufa nikiwa Kampala. Nilifika nikakuta ameshazikwa.

Rocco alitafsiri vibaya, nadhani, kwa sababu alikuwa anapangusa macho. Filomena alinishika mkono. Tulisimama pale, wazee wawili, chini ya ile pete.

Kisha akasema twende tukale. Mezani Docus aliniwekea chakula mwenyewe. Nilimwambia nilikosea. Akasema, “Najua, Baba. Kula.” Baada ya chakula alinipa mtoto. Mikono yangu yote niliiweka juu ya blanketi, aione.

Nimeamua kuachana na jambo la jina. Nimeamua kabisa.

Isipokuwa padri akisitasita.

Jumapili, 12 Oktoba

Niandike kama ilivyotokea.

Kanisa lilijaa ndugu za Rocco. Nilisimama nyuma ya Docus. Nilikuwa nimeachana na jambo lile kwa moyo safi. Lakini Rocco alikuwa amenieleza kwamba padri huwauliza wazazi, mbele ya wote, mtoto huyu mnampa jina gani. Swali likiulizwa hadharani, nilijiambia, mtu yeyote anaweza kujibu. Mwenye sauti ndiye anayesikika.

Padri akauliza. Nikavuta pumzi.

Docus na Rocco wakajibu pamoja, “Eustachio Wangila.”

Na mimi, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, wakati uleule nikamalizia, “Wangila.”

Ikasikika kanisa zima: Eustachio Wangila Wangila. Padri alisita. Alimwuliza Rocco kama jina ni la mara mbili. Kuna watu walicheka. Docus alifumba macho. Nilihisi mtu ananishika mkono wa koti. Alikuwa Filomena. Hakuniachia mpaka ibada ilipokwisha.

Nje, Docus aliniambia, “Tulimwandikisha hivyo tangu alipozaliwa. Nilitaka ulisikie kanisani.”

Niliuliza kwa nini hakuniambia mapema.

“Ningekuambia, Bukoto nzima ingejua kabla mtoto hajafumbua macho.”

Niliuliza kama mama yake alijua. Akasema ndiye aliyetamka herufi moja moja kwenye simu, Rocco akiandika.

Kumbe nilimfinya mtoto mwenye jina la baba yangu.

Nilimpakata kwenye ngazi za kanisa, korongo mbele yetu, jua limewaka juu ya mawe. Nilimwita Wangila kwa sauti ndogo. Alifumbua macho, akanitazama muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Nilimwambia Rocco ni mafua. Hilo neno halijui.

Jumatatu, 20 Oktoba. Bukoto, Kampala

Nimerudi. Docus anasema mtoto siku hizi analala vizuri. Daktari alimpa dawa ya tumbo, lakini siku alipoanza kulala na siku ya ubatizo zinakaribiana mno, mtu mwenye akili ataona.

Jana niliwaeleza kanisani jinsi jina lilivyopatikana. Nilisema ilihitaji busara na subira, na maneno machache kwa mtu anayehusika. Akoth alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alianza kukohoa na hakukoma mpaka nilipokaa.

Leo nimepata habari nyingine. Huguette, Mkongomani anayeuza vitenge upande wa pili wa barabara, binti yake amejifungua wiki iliyopita. Mtoto wa kiume. Baba wa mtoto yuko Goma na simu yake haipatikani, na familia haijaafikiana juu ya jina. Kila mtu ana lake. Ni jambo la kusikitisha. Nimelifikiria asubuhi yote nikipanga magodoro, na kadiri ninavyofikiri naona wanahitaji mtu wa nje, mtu mzima, asiye na upande. Nashon ni jina zuri. Limo katika Biblia, na msema Kifaransa kama Huguette analitamka bila shida.

Nimenunua kuku. Nimemwambia Akoth nachelewa kidogo, napita kuwajulia hali tu majirani.

Mtoto huyo, wanasema, analia sana. Nitaomba nimpakate.